Mama Mwenye Nyumba Wetu na Tabo ya Gari Jeupe

Watu wa Utemini, mtaa wetu hapa Singida, ukiwatajia mama mwenye nyumba wetu, kitu cha kwanza wanachokumbuka ni kelele. "Yule mama wa maekzosi," wanasema, wanacheka, na wengine wanaziba masikio kabisa kana kwamba gari linapita hapo walipo. Jambo hilo linaniudhi mpaka leo. Mimi nimekaa katika nyumba ile kuliko mpangaji yeyote. Chumba cha mbele kilikuwa cha cherehani yangu, cha kulala kilikuwa nyuma yake, na dirisha lake lilitazama moja kwa moja yadi ya gereji ya mama huyo. Kama kuna mtu aliyezisikia kelele hizo vizuri ni mimi, na mimi ndiye ninayesema kwamba waliomsema walipiga kelele zaidi.

Jina lake silitaji, maana hakuna aliyelitumia. Wapangaji tulimwita mama mwenye nyumba, wateja walimwita fundi, na kaka yake mkubwa alimwita wewe. Alizaliwa wapi, lini, nani alimzaa nani, hayo muulizeni huyo kaka yake, ambaye hadithi za ukoo hazijawahi kumwishia. Mimi ninachokijua ni mikono yake, mdomo wake, na shingo yake ngumu.

Zilikuwa siku za ruksa. Vitu ambavyo zamani ulivipata kwa kibali na kujuana vilianza kumwagika madukani, na magari ya Kijapani yaliyotumika yakaanza kuingia Singida yakiwa bado na vibandiko vya kwao kwenye vioo, na redio ambazo hazikushika stesheni yetu hata moja. Mengine yalikuja na tabo. Kwa asiyejua, tabo ni chuma kilichojikunja kama konokono. Moshi wa injini ukiwa unatoka unazungusha panga dogo kama la feni ndani yake, na panga hilo linazungusha jingine linaloisukumia injini hewa nyingi kuliko ile ambayo ingevuta yenyewe. Injini ndogo inapata nguvu za injini kubwa.

Mafundi wetu wengi waliiogopa tabo. Gari likiletwa linavuja oili au linatoa moshi, waliing'oa, wakaziba tundu kwa kipande cha bati, wakamrudishia mwenyewe funguo na kumwambia sasa limepona. Mama mwenye nyumba akiliona gari la namna hiyo linapita barabarani alisimama kulitazama mpaka lipotee. "Wameshalihasi hilo," alikuwa anasema, kisha anarudi chini ya gari lake. Kwake hakuna tabo iliyong'olewa ikatupwa. Zilizokufa alizifungua, akazisafisha, akatafuta beringi nyingine kwenye magari yaliyopata ajali, akazirudisha. Zilizokuwa nzima alizitafutia namna ya kupumua zaidi.

Kuchomelea alifundishwa na marehemu mume wake, aliyekuwa anatengeneza mageti na vitanda vya chuma. Mume alipofariki, ukoo mzima ulisubiri auze mashine, akae ndani, apokee kodi ya vyumba kama mjane mwenye akili. Hakuuza. Akavaa ovaroli la marehemu, akafunga khanga moja kiunoni juu yake na nyingine kichwani, akaanza na ekzosi, kwa sababu ekzosi ni mabomba ya kutolea moshi, na mabomba alikuwa anayajua. Kutoka ekzosi akapanda kwenye tabo, na kutoka tabo akaingia kwenye injini yenyewe. Nani alimfundisha hayo mengine? Alijifundisha kwa kufungua na kufunga, na kwa kuunguza vitu vichache ambavyo hakupenda kuulizwa habari zake.

Bomba la ekzosi linalokuja na gari alikuwa analidharau waziwazi. Alisema ni jembamba, limejikunjakunja, na lina sailensa ambayo kazi yake ni kuwafurahisha majirani wa Japani. Alilitoa lote. Alitafuta bomba pana la chuma, akalikata vipande vifupi vyenye mshazari, akaviunga kimoja baada ya kingine mpaka bomba likapinda bila kubinyika mahali popote. Mafundi wengine walikunja bomba kwa kulichoma moto na kulivuta, likabonyea kwenye kona. "Umelikaba koo," aliwaambia, hata kama hawakumuuliza. Ile rejeta ndogo inayopoza hewa ya tabo, ambayo kwenye magari mengine ilikuwa imefichwa juu ya injini, aliihamishia mbele kabisa. "Singida tuna upepo wa bure mwaka mzima, halafu mnaificha injini isiupate," alikuwa anasema kwa hasira kweli, kana kwamba mtu amemfanyia makusudi.

Gari likikamilika alilijaribu mwenyewe kwenye barabara ya Mtinko. Alifungua kioo, akaweka kiwiko dirishani, akaondoka na vumbi lake. Alirudi na khanga ya kichwani imeshuka mabegani, uso umejaa vumbi, na kicheko ambacho hukukiona siku nyingine yoyote. Nilimshonea gauni la harusi ya mpwa wake na hakucheka vile.

Hakuwa mtu rahisi, na sitampamba. Kikombe cha chai alikupa hata kama hukuomba, lakini spana yake hakuazima mtu. Alikuwa na wivu wa kazi. Ukimsifia fundi mwingine mbele yake alinyamaza siku nzima. Redio yangu ikipanda kidogo tu aligonga ukuta kwamba nampigia kelele, yeye ambaye jana yake alikuwa ameliwasha gari lisilo na sailensa mpaka vikombe vyangu vikatembea mezani. Nilipomkumbusha, aliniambia ile ni kazi na hii ni fujo, halafu akaniongezea kwa Kinyaturu maneno ambayo sitayaandika hapa.

Jirani wa ng'ambo ya ua alikuwa anafuga kuku wa kienyeji. Siku moja akaja amejifunga khanga kwa ugomvi, akasema kuku wake wameacha kutaga kwa sababu ya maekzosi. Mama mwenye nyumba alikuwa amelala chini ya gari. Hakutoka. "Dada, kuku wako walikuwa wavivu tangu mume wangu yuko hai," alimjibu kutoka kulekule chini. Jirani akabaki amesimama, hajui agombane na miguu au aondoke. Jioni mama mwenye nyumba akampelekea chupa ya mafuta ya alizeti, wakakaa barazani wakazungumza kama hakuna kilichotokea, na kesho yake gari likawashwa vilevile.

Ukisikia haya utadhani alikuwa mtu asiye na adabu. Thubutu! Kwa salamu alikuwa mkali kuliko shehe. Mteja akiingia getini na "fundi, gari langu tayari?" bila salamu, alimtazama tu, akaendelea na kazi. Mteja akirudia, anamtazama tena. Wenye akili walirudi mpaka getini, wakaingia upya, wakaanza na salamu. Watoto wa nyumba nzima aliwafundisha kuamkia mpaka wakawa wanaamkia hata waliolingana nao. Mbele ya kaka yake mkubwa, mwenye duka la vitambaa na vyombo barabara kuu, alipiga magoti kila alipomkuta, iwe kwenye vumbi au kwenye sakafu. Kumbuka jambo hilo, kwa sababu baadaye walisema alikuwa anafundisha watu kudharau wazee.

Chanzo cha maneno hayo kilikuwa sharti moja. Tabo inazunguka kwa kasi ya ajabu na inapata moto mpaka inakuwa nyekundu. Kinachoipoza ni oili inayopita ndani yake wakati injini inawaka. Ukitoka mwendo mkali ukazima gari papo hapo, oili inasimama humo ndani, inaungua, inakuwa mkaa, na mkaa unakula beringi. Kwa hiyo kila aliyetengenezewa gari alisomewa sharti kabla ya kupewa funguo: ukifika, usizime.

Na kwa kuwa wengi hawakuwa na saa, au walikuwa nazo za urembo, aliwapa kipimo cha kwetu. "Ukisimama, salimiana na uliyekuja naye," aliwaambia. "Habari za safari, za nyumbani, za watoto, za shamba, za mvua. Muulize na mifugo. Zikiisha zote, zima." Walifanya hivyo. Mjini Singida ungeona gari limesimama mbele ya benki linanguruma, na ndani watu wawili waliotoka nyumba moja wanaulizana habari za mifugo. Watu walisema wanaringa, wanachoma mafuta makusudi ili waonekane. Mama mwenye nyumba alisema waacheni waseme, mafuta si yao.

Tatizo lilikuwa wazee. Kwetu shikamoo si neno la kurusha dirishani. Ukimkuta mzee unasimama, unazima gari, unashuka, unainama kidogo, ndipo unaamkia. Ukiliacha gari linawaka umemwambia mzee kwamba una haraka na yeye anakuchelewesha. Hakuna aliyeliandika popote, lakini kila aliyelelewa huku analijua. Mama mwenye nyumba alilijua pia, na alikuwa na jibu lake: shuka, funga mlango, nenda mpaka alipo, mwamkie kwa unyenyekevu wote unaotaka, na injini iendelee. Wateja waliitikia vizuri wakiwa yadini. Wakifika mbele ya mzee mwenyewe, mkono ulikwenda kwenye funguo.

Sasa nifike kwenye gari jeupe. Lilikuwa la mfanyabiashara wa alizeti, mtu wa Mtinko, mpole, mwenye tumbo na sauti ndogo. Zamani bei ya mazao ilikuwa moja, ukikimbia usikimbie. Soko lilipoachiwa, aliyefika kwanza kwa mnunuzi ndiye aliyepata bei, na huyu bwana akaamua atafika kwanza. Akanunua gari la Kijapani la milango miwili, la chini, lenye tabo, gari la mbio hasa, ambalo lilikuwa likikwaruza tumbo kwenye kila tuta la wilaya. Mama mwenye nyumba aliliinua, akaliwekea tabo kubwa zaidi, akalitengenezea ekzosi pana kuliko zote alizowahi kutengeneza, na rejeta ya hewa mbele. Nilikuwepo siku lilipowashwa. Lilikuwa na sauti nzito, ya chini, si ya kupasua masikio hata kidogo. Lile lilikuwa gari la kujivunia, na alijivunia.

Alizeti zikavunwa, bwana akawa haonekani ila vumbi. Halafu siku moja gari likarudi gerejini linavutwa kwa kamba na trekta, limetoa moshi wa bluu njia nzima, na tabo imekwama haizunguki. Trekta lilipita barabara kuu mchana kweupe. Kufika jioni mji wote ulikuwa unajua kwamba mama wa maekzosi ameua gari la mtu. Waliokuwa wamenyamaza kwa kumwogopa mdomo wake wakapata la kusema. Wateja wawili walikuja kuchukua magari yao yakiwa hayajaisha.

Kaka yake alipata sababu aliyokuwa anaitafuta. Nyumba ile na yadi yake iliachwa na baba yao, na kwa kuwa yeye ndiye mkubwa, ndiye aliyekuwa msimamizi. Hakuwa mtu mbaya, lazima niseme. Alikuwa ameona aibu kwa muda mrefu, dada yake mjane kulala chini ya magari ya wanaume, na hakujua aibu hiyo aipeleke wapi. Akatuma ujumbe kwamba Jumapili asubuhi anakuja na mwenye gari, mambo yamalizwe.

Tulitandika mikeka yadini. Wapangaji tulikaa pembeni, kwa sababu hakuna aliyetufukuza. Kaka mkubwa alikaa kwenye kiti, mfanyabiashara wa alizeti kwenye mkeka. Mama mwenye nyumba akatoka ndani amebeba sinia ya pilau iliyofunikwa kitambaa. Akapiga magoti, akamwamkia kaka yake, akaiweka sinia katikati na kufunua. Ilikuwa ile tabo, imefunguliwa kipande kwa kipande, imepangwa.

"Gari la mtu limekufa," kaka yake alianza. "Mjini wanasema. Na jina wanalosema si lako peke yako, ni la baba yetu."

"Nimesikia, kaka. Lakini kwanza tazameni hii. Haikuvunjika wala haikupasuka. Shikeni hapa ndani."

Kaka yake hakushika. Mfanyabiashara alishika, na vidole vyake vikatoka vyeusi.

"Hiyo ni oili iliyoungua," mama mwenye nyumba akasema. "Gari limezimwa likiwa la moto, tena si mara moja. Ndugu yangu, ukitoka Mtinko huwa unasimama wapi kwanza?"

"Dukani kwa mzee hapa," mfanyabiashara akajibu.

"Ukifika unafanyaje?"

Yule bwana aliutazama mkeka. "Nazima, nashuka, namwamkia."

"Mimi nilikwambiaje?"

"Uliniambia nisizime, fundi, sikatai. Lakini ni mzee wetu. Nimwamkie gari linanguruma?"

Kila mtu alikuwa ameelewa, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuonekana ameelewa.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyeua gari," kaka yake akasema taratibu.

"Sijasema wewe, kaka. Nimesema lilizimwa."

"Lilizimwa kwa kuniheshimu mimi. Na wewe unawafundisha watu wasiniheshimu ili vyuma vyako vipone."

"Ninawafundisha washuke, waje mpaka ulipo, wakuamkie vizuri. Nani kasema heshima yako iko kwenye funguo za gari?"

Nilifumba macho. Kaka yake, na kwa hili namsifu, akatafuta njia ya kutoka. Alimwambia: sema umekosea, omba radhi, huyu bwana atatafuta tabo nyingine, wewe utaendelea na magari ya kawaida, yaishe. Na kwetu hivyo ndivyo mambo yanavyokwisha. Mdogo anaomba radhi hata kama haki ni yake, mkubwa anasamehe hata kama kosa ni lake, watu wanakunywa chai. Sote tuliona mlango umefunguliwa. Nilimsogelea, nikamvuta khanga, nikamnong'oneza, "Mama, sema tu, yaishe." Yadi ile ilikuwa ndiyo maisha yake yote na nilikuwa nataka abaki nayo.

Akaniondoa mkono polepole. "Kaka, radhi naomba," akasema. "Kama nimekukera kwa mdomo wangu, naomba radhi. Kwa moshi, kwa kelele, kwa aibu uliyoipata barabarani, naomba radhi kwa yote. Lakini kazi ile haikuwa na kosa, na sitasema ilikuwa nalo."

"Hiyo siyo radhi."

"Ndiyo niliyonayo."

Kaka yake akaondoka bila kunywa chai. Wiki haikuisha akaja na kufuli, akafunga geti la yadi.

Watu walimwona mjinga. Mimi mwenyewe nilikasirika, nikamwambia neno moja lisingemtoa jino. Aliniambia nikae nifikiri. "Nikisema kosa ni langu, kesho mwingine atazima vilevile, tabo itakufa vilevile, na wote watasema si alishakiri mwenyewe? Nitamjibu nini?" Nilikaa nikafikiri nikaona ana haki, jambo ambalo lilinikasirisha zaidi.

Alihamia Unyambwa, kwenye kipande cha shamba alichoachiwa na mumewe. Mashine ya kuchomelea aliipeleka kwa mkokoteni. Sikumwona akilia. Nilimwona akiutukana mkokoteni, na barabara, na kila jiwe lililokuwa mbele yake, mpaka msukuma mkokoteni akaomba apumzike. Kule hakukuwa na umeme, akanunua jenereta iliyochoka, akaifufua. Akajenga banda la mabati manne na miti, na upepo ukamng'olea mara kwa mara, naye akarudishia.

Mteja wa kwanza kumfuata alikuwa mfanyabiashara wa alizeti. Alilipeleka gari jeupe mwenyewe. Wengine husema fundi muungwana hamwambii mtu "nilikwambia". Yeye alimwambia, tena kwa kirefu, tangu asubuhi mpaka adhuhuri, na yule bwana alivumilia akiwa amemshikia taa. Gari likapona. Kuanzia hapo akitoka Mtinko akawa anazunguka mtaa wa nyuma ili asipite mbele ya duka, kwa sababu kumwamkia mzee gari likiwaka alishindwa, na kuzima aliogopa. Wenye magari ya tabo wote wakaanza kuzunguka mtaa huohuo. Kaka mkubwa akawa anakaa kibarazani kwake anauliza vijana wa siku hizi wamepatwa na nini, hawaji kuamkia. Nani angemweleza? Hakuna.

Mama mwenye nyumba yeye hakuacha. Kila Idi alikuja kwa kaka yake, akapiga magoti, akaamkia, akala alichopewa, akawashika wajukuu vichwa. Hawakuongea habari za yadi. Kufuli lilipata kutu, nyasi zikaota mpaka dirishani kwangu, na mimi nikaendelea kulipa kodi yangu kwa kaka mkubwa na kushona sare za shule huku yadi ni tupu. Ule ukimya niliuchukia. Niliwahi kuwaambia wanaolalamikia kelele waje wakae chumbani kwangu wausikie, kama wanaupenda sana.

Miaka ikaenda. Kaka mkubwa akaumwa magoti, duka likawa la watoto wake. Siku moja akaniita. Nilimkuta kibarazani, nikamwamkia, akaitikia, akanikaribisha kiti. Alizungumza sana habari za bei ya vitambaa kabla hajafika alikotaka.

"Wewe mnaelewana naye," akasema mwishoni. "Nenda kamwambie arudi. Yadi ipo. Nitatoa kufuli mwenyewe. Yaliyopita yamepita."

Nilitoka pale natembea kama mtu anayekimbia. Sikusubiri hata kufunga cherehani, nilimwachia jirani. Njia nzima ya Unyambwa nilikuwa napanga watu wa kuja kung'oa nyasi, wapi tutaweka ile jenereta, nani tumwambie kwanza.

Alikuwa bandani, ameinamia bomba, alizeti zimemzunguka pande zote zimechanua. Alikuwa amezeeka. Mgongo ulikuwa umepinda kidogo na mkono mmoja ulikuwa na kovu jipya la moto. Magari mawili yalikuwa yanasubiri, na wenyewe wamekaa kwenye magogo. Nikamwamkia, akaniitikia, akaniuliza habari za nyumbani, za kazi, za macho yangu. Alipomaliza maswali nikamweleza yote, neno kwa neno, nikiwa tayari nimeshaanza kutabasamu.

Alisikiliza huku akipangusa mikono kwa kitambaa. "Magoti yake yanamuuma sana?" akauliza.

"Sana, mama. Anatembelea fimbo."

"Nitamletea mafuta ya kuchua Ijumaa. Ni kaka yangu, nampenda." Akakunja kitambaa. "Alisema kazi ilikuwa nzima?"

"Alisema yaliyopita yamepita."

"Nimekusikia. Nakuuliza kama alisema kazi ilikuwa nzima."

"Hakusema."

Akaitikia kwa kichwa. Nilianza kumsihi. Nilimwambia habari ya upepo unaong'oa mabati, na umri, na umeme wa mjini, na kwamba mzee yule kufika hapo alipofika ni safari ndefu kwake na hatafika mbali zaidi. Aliniacha niseme mpaka nikaishiwa.

"Yadi nimeshazoea kuikosa, mwanangu," akasema. "Kusingiziwa kazi yangu ndiyo sijazoea."

Akashusha kioo cha kuchomelea usoni, akavuta kamba ya jenereta, na hatukusikizana tena.

Nilirudi mjini taratibu. Kaka mkubwa alikuwa bado kibarazani, hakuwa ameingia ndani tangu nimwache. Nilimfikishia salamu, nikamwambia kuhusu mafuta ya kuchua, kisha nikamfikishia na yale maneno ya mwisho kama yalivyotoka. Alikaa ameshika fimbo yake kwa mikono miwili, anatazama barabara.

"Ungeyalainisha kidogo, binti," akasema.

"Ningeweza, baba," nikamjibu. "Sikutaka."